Marguerite Porete: kitabu kilichomwa kikiwa na jina lake, kikasomwa watawani bila jina. Kosa lilikuwa nini hasa?

#1 Frateri wa Zamani

Salaam wanajamvi.

Jumatatu tarehe 1 Juni 1310, katika uwanja wa Grève mjini Paris, mwanamke mmoja alichomwa moto akiwa hai. Jina lake Marguerite, wakimwita Porete, mtu wa Hainaut, pande za Valenciennes. Kosa lake ni kitabu. Alikiandika kwa Kifaransa cha kwao, kinaitwa Kioo cha Roho Sahili, na habari yake ni roho inayompenda Mungu mpaka haibakiwi na matakwa yake yenyewe.

Hukumu iliagiza kila mwenye nakala aisalimishe kwa Wadominiko wa Paris kabla ya sikukuu ya Petro na Paulo, la sivyo atengwe. Lakini nakala zilibaki. Kitabu kikaingia katika Kilatini, Kiitalia na Kiingereza, kikanakiliwa na watawa kwa mikono yao, bila jina la mwandishi. Mwaka 1927 Wabenedikto wa Downside, Uingereza, walisimamia uchapishaji wake kwa Kiingereza kikiwa na kibali rasmi cha Kanisa. Miaka 19 baadaye, 1946, mtafiti wa Kiitalia Romana Guarnieri akaonyesha kwamba kile kitabu kisicho na mwenyewe ndicho kile kilichompeleka Marguerite motoni.

Nilisoma seminari kuu miaka minne kabla sijatoka. Karne ya 14 tuliipita kwa Mapapa wa Avignon na Watempla, lile shirika la watawa wapiganaji, basi. Huyu mama sikuwahi kumsikia. Mwaka jana nimekisoma kitabu chake mara tatu, na mara ya tatu nililia.

Swali langu: walihukumu maneno au walimhukumu mtu? Mimi nasema majaji hawakukisoma chote. Wangekisoma, asingekufa. Nipingeni.

#2 Wakili wa Pwani

Nakupinga mapema. Kesi ya 1310 haikuanzia 1310. Kabla ya 1306 askofu Guy wa Cambrai alikwisha kukihukumu kitabu hicho na kukichoma hadharani pale Valenciennes, Marguerite mwenyewe akishuhudia. Akaonywa: usikitumie tena, usikisambaze, ukirudia utahesabiwa mzushi na kukabidhiwa serikali.

Alifanya nini? Akampelekea nakala askofu mwingine, Jean wa Châlons-sur-Marne, na watu wengine wa kawaida wakapata. Akafikishwa kwa askofu mpya wa Cambrai, Philippe de Marigny, kisha 1308 akaletwa Paris.

Kwa sheria ya wakati ule huyo ni mzushi aliyerudia kosa. Akishakuwa hivyo, suala la kitabu kina nini ndani linabaki la pembeni. Hata sasa, ukikiuka amri ya mahakama, hakimu hakuulizi kama amri ilikuwa nzuri. Sisemi ilikuwa haki. Nasema ndivyo ilivyokwenda.

#3 Binti wa Kilema

Shukrani kwa mada. Wakili umesema kweli, lakini hujajibu kwa nini kilichomwa mara ya kwanza.

Mimi naona mambo mawili. Kwanza, sista huyu aliandika kwa lugha ya watu wa mtaani, si Kilatini, kwa hiyo mfua nguo alisomewa akaelewa. Pili, mwanamke kufundisha. Angekuwa profesa pale Paris na akaandika kwa Kilatini, wangejadiliana naye miaka ishirini.

#4 Frateri wa Zamani

Dada, masahihisho madogo: hakuwa sista. Kumbukumbu za kesi zinamwita begina. Wabegina walikuwa wanawake wa nchi za Flanders, Brabant na kandokando ya mto Rhine, walioishi maisha ya sala na kujitegemea bila nadhiri za kudumu. Wengi walisokota na kufuma, au kuuguza wagonjwa. Akitaka kuolewa, anaondoka.

Hilo la lugha lina uzito, ila Mechthild wa Magdeburg aliandika maono yake kwa Kijerumani cha kwao, naye alikuwa begina, naye alikaripiwa. Hakuchomwa. Uzeeni alipokelewa na watawa wa Helfta, akafia huko kwa amani. Kwa hiyo lugha na jinsia peke yake havitoshi.

#5 Ngome ya Mawe

Mnabishana wenyewe kwa wenyewe, sisi wengine hatujui hicho kitabu kinasema nini. Mleta mada, tupe hata kidogo basi.

#6 Frateri wa Zamani

Haki yako mkuu. Najaribu.

Ni majibizano. Wanaongea Upendo, Akili na Roho, kama watu jukwaani. Akili anauliza maswali ya kitoto, anashtuka, anaomba afafanuliwe. Upendo anajibu. Roho anamcheka Akili waziwazi, na katikati ya kitabu Akili anakufa kwa mshtuko wa alichokisikia! Halafu kitabu kinaendelea, na maswali ambayo Akili angeuliza yanaulizwa na Upendo kwa niaba yake.

Kinaanza kwa hadithi. Binti wa mfalme, mbali huko, alisikia habari za ukarimu wa mfalme Aleksanda, akampenda bila kumwona. Kwa kuwa hakuweza kumfikia, akaagiza achorewe sura yake, akaishi na ile picha ya mtu aliyemwota. Roho anasema: mimi pia nilisikia habari za Mfalme, naye yuko mbali nami na mimi mbali naye, akanipa kitabu hiki kiwe sura ya upendo wake. Baadaye anampa Mungu jina moja ambalo sijaweza kulitoa kichwani: Mbali-Karibu. Anafungua kama umeme, anafunga, huna muda hata wa kumwelezea jirani ulichokiona.

Kuna hatua saba. Ya kwanza ni kushika amri. Ya pili ni mashauri ya Injili, yaani ufukara, useja na utii. Ya tatu ni kuyapenda matendo mema, kisha kulazimika kuyaachia hata hayo. Ya nne ni utamu wa sala, nayo anasema ni hatari, wengi wanalewa humo wakidhani wamefika. Ya tano roho inatambua kwamba yenyewe si kitu na Mungu ndiye yote, inamrudishia Mungu utashi wake. Ya sita ni mng'ao wa kitambo kidogo. Ya saba ni baada ya kufa.

Sasa kilichomponza. Sura ya sita Roho anasema: Fadhila, nawaaga milele. Nilikuwa mtumwa wenu, sasa niko huru. Na mahali pengine: roho hiyo inaipa asili yake kila inachotaka, bila kusutwa na dhamiri.

#7 Mzee wa Kigango

Nimesoma taratibu mpaka hapo kwenye kuziaga fadhila. Vijana, mimi ni katekista kwa miaka thelathini na moja. Nitasema neno ambalo halitawafurahisha.

Miaka ya nyuma kilizuka kikundi kigangoni kwetu. Walianza vizuri, sala ya usiku, kufunga. Kiongozi wao akafika mahali akasema yeye amekwisha kuvuka, dhambi haimshiki, misa ni ya wachanga. Mwaka haukuisha, mke wa mtu alikuwa kwake, na mashamba ya wajane wawili yameuzwa. Niliwazika baadhi ya wale walioumizwa. Kwa hiyo msomi akiniambia kuna roho imeziaga fadhila na inaipa asili kila inachotaka bila kusutwa na dhamiri, mimi sioni mistiki. Naona ile nyumba.

Hao majaji msiwahukumu haraka. Labda nao walikuwa na kigango chao.

#8 Frateri wa Zamani

Mzee, shikamoo. Ushuhuda wako nimeupokea kwa heshima yote, na sitaupuuza.

Lakini hilo la kuipa asili kila inachotaka ndipo ninaposhikilia hoja yangu ya mwanzo. Mwanahistoria wa miaka ile, aliyeendeleza kitabu cha historia cha Guillaume wa Nangis, analitaja kama kosa kubwa la kitabu. Limo kweli. Ila sentensi haiishii hapo! Marguerite anaendelea kwamba asili ya roho ya namna hiyo imepangika vizuri kwa kuunganika na Upendo, kiasi kwamba haiombi kitu chochote kilichokatazwa. Ukikata sentensi katikati unapata mzushi. Ukiiacha nzima unapata kitu kinachofanana na Augustino aliposema penda, kisha fanya utakalo.

Na kuhusu fadhila, anaeleza kwamba zimekaa ndani ya roho hiyo daima, ila sasa zinaitumikia badala ya kuitawala. Kama fundi wa miaka arobaini, hapimi tena kila tofali kwa kamba, jicho lenyewe limekuwa kamba.

Wanateolojia 21 waliokaa tarehe 11 Aprili 1310 kanisani Saint-Mathurin hawakupewa kitabu kukijadili. Kumbukumbu zinaonyesha walipewa orodha ya vifungu vilivyochomolewa, angalau 15. Kati yake viwili tu vimeandikwa katika kumbukumbu hizo: cha kuziaga fadhila, na kile kwamba roho hiyo haishughulikii faraja na zawadi za Mungu kwa kuwa imemwelekea Mungu mwenyewe. Hicho cha pili kingeweza kusemwa na mtakatifu yeyote.

#9 Sauda wa Mvita

Asalaam aleykum nyote. Mimi si Mkristo, nimevutwa na kichwa cha habari, na kila ninaposoma namwona Mansur al-Hallaj, yule Sufi.

Aliuawa Baghdad mwaka 922. Alisema Mimi ni Haki, na Haki ni jina la Mwenyezi Mungu. Waliomhukumu walisema amejifanya Mungu. Waliomtetea wamesema miaka yote hii kwamba aliyetamka hivyo hakuwa Mansur, kwa sababu Mansur hakuwepo tena. Hiyo hali Masufi huiita fanaa, mja kutoweka mbele ya Mola wake. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa dhikri, na alituambia watoto: kosa la Hallaj si kuona, ni kusema.

Na huyo Marguerite wenu naona ni hivyohivyo. Siri aliitoa sokoni.

#10 Ngome ya Mawe

Sauda umenimaliza. Ila Hallaj si alisulubiwa kwa sababu za siasa? Nilisoma alikuwa na uhusiano na wale Waqarmati, waasi waliompinga khalifa.

#11 Sauda wa Mvita

Alituhumiwa hivyo, na ugomvi wa mawaziri wa khalifa ulichangia sana. Alikaa kifungoni karibu miaka tisa kabla ya kuuawa, na mashtaka yalibadilika njiani. Shtaka lililomaliza kazi lilihusu maneno yake kuhusu hija, kwamba asiye na uwezo anaweza kuitimiza nyumbani kwake. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini aliuawa, utapata majibu matatu au manne, kila mmoja na lake.

#12 Kalamu ya Ukindu

Naomba kuuliza la lugha. Mleta mada umeandika "roho sahili". Kwenye kichwa kirefu cha kitabu kuna neno la Kifaransa lenye maana ya kufanywa si kitu. Ukiandika "roho iliyoangamizwa", Mswahili anasikia jehanamu. "Iliyofutwa" inasikika kama daftari. Sauda katupa "kutoweka", nami naliona bora kuliko yote, kwa sababu chumvi ikitoweka kwenye maji, maji yanabaki na ladha yake.

Nauliza kwa nia njema, maana nadhani nusu ya kesi hii ni kesi ya tafsiri. Maneno ya Kifaransa cha mapenzi, cha binti wa mfalme na mpenzi wake wa mbali, yamehamishiwa kwenye Kilatini cha mahakama. Kilatini cha mahakama hakina mahali pa kuweka shairi.

#13 Frateri wa Zamani

Kalamu, kuanzia leo "roho iliyotoweka". Asante.

#14 Mtaa wa Nyuma

Mnazunguka tu, jibu liko kwenye siasa. Mfalme wa Ufaransa wakati ule ni Philippe IV. Mwaka 1306 anawafukuza Wayahudi na kuchukua mali zao. Tarehe 13 Oktoba 1307 anawakamata Watempla nchi nzima. Mchunguzi wa uzushi aliyetia sahihi ya kidini kwenye ule ukamataji ni Mdominiko Guillaume wa Paris, na huyu Guillaume ni muungamishi wa mfalme. Papa Klementi V akakasirika, mwanzoni mwa 1308 akawasimamishia wachunguzi wa Ufaransa mamlaka yao.

Sasa Guillaume anahitaji kesi moja safi, isiyo na harufu ya fedha, ionekane kwamba anafuata taratibu na kwamba mfalme wake ndiye mlinzi wa imani. Anayepatikana ni begina asiye na ukoo mkubwa. Wiki tatu baada ya kumchoma Marguerite, wakawachoma Watempla 54. Yote ni mchezo mmoja.

#15 Wakili wa Pwani

Hoja nzuri, tarehe umegeuza. Watempla 54 walichomwa tarehe 12 Mei 1310 nje ya Paris, kabla ya Marguerite. Na aliyesimamia hukumu yao ni Philippe de Marigny, yuleyule aliyekuwa askofu wa Cambrai alipofikishwa Marguerite. Alikwisha kupandishwa kuwa askofu mkuu wa Sens, na ndugu yake Enguerran alikuwa mtu mkubwa ikulu kwa mfalme. Kwa hiyo nimekusahihisha, na papo hapo nimekupa risasi zaidi.

Siku aliyochomwa Marguerite, mtu mwingine pia alichomwa uwanjani hapo: Myahudi aliyekuwa amebatizwa kisha akarudia dini yake.

Hata hivyo siasa haielezi Valenciennes. Kule kitabu kilichomwa kabla Watempla hawajaguswa, na Cambrai haikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa, ilikuwa ya Dola la Ujerumani. Guy wa Cambrai hakuwa anamfurahisha Philippe. Kuna kitu ndani ya kitabu kilimkera askofu wa kawaida aliyekuwa akifanya kazi yake.

#16 Mtaa wa Nyuma

Nakubali tarehe. Hoja sijaiacha.

#17 Mzee wa Kigango

Huyo Guy simjui ila namwelewa.

Frateri, nimeona mahali kwamba kitabu kinagawa Kanisa mara mbili. Ni kweli?

#18 Frateri wa Zamani

Ni kweli, Mzee. Anasema kuna Kanisa Dogo na Kanisa Kubwa. Kanisa Dogo ndilo hili linaloongozwa na Akili, lenye mahubiri, sheria na vyeo. Kanisa Kubwa ni la roho zilizotoweka katika Upendo. Na Kanisa Dogo halina uwezo wa kulitambua Kanisa Kubwa.

Hasemi Kanisa Dogo livunjwe. Hasemi sakramenti ni uongo. Lakini fikiria wewe ni askofu, umeketi na fimbo yako, unasomewa kwamba wewe ni mdogo.

#19 Mzee wa Kigango

Hapo umenijibu zaidi kuliko ulivyokusudia.

#20 Mkongo wa Gent

Jambo wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Gent, Ubelgiji. Naleta kitu kidogo.

Hapa makazi ya wabegina bado yapo, nyumba ndogo nyeupe au za matofali kuzunguka kiwanja cha nyasi, kanisa katikati, lango moja lililofungwa usiku. Makazi 13 ya Flanders yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1998. Mimi hupita moja nikienda kazini. Pana kimya cha aina yake.

Begina wa mwisho duniani alikuwa Marcella Pattyn. Alifariki Kortrijk mwezi Aprili 2013, akiwa na miaka 92. Na alizaliwa wapi? Kongo, mwaka 1920, enzi za Wabelgiji. Macho yake yalikuwa karibu hayaoni, watawa wakamkataa kwa sababu hiyo, wabegina wakampokea. Alisuka, alipiga akodiani kwa wagonjwa. Karibu miaka 800 ya wanawake hawa imeishia kwa mtu aliyezaliwa kwenye ardhi yetu. Mama yangu nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza nani alimwimbia kaburini.

Kuhusu mada: Marguerite hakuonekana kuishi ndani ya makazi kama haya yenye lango na mama mkuu. Na kwenye kitabu anasema wabegina wenyewe watasema amekosea, pamoja na mapadri na Wadominiko na Wafransisko. Alikuwa peke yake. Mimi naona hapo ndipo palipomuua. Hakuwa na mtu wa kusimama nyuma yake.

#21 Wakili wa Pwani

Ndugu wa Gent, alikuwepo mmoja. Guiard wa Cressonessart, aliyejiita malaika wa Filadelfia, ile Filadelfia ya kitabu cha Ufunuo. Alijitokeza kumtetea, wakamkamata. Alikataa kusema kwa karibu mwaka na nusu, kisha alipoona moto unakuja akakubali kueleza yote. Kifungo cha maisha.

Marguerite alikaa gerezani muda uleule. Hakula kiapo, hakujibu swali hata moja. Kwa mahakama zile kukataa kiapo ni sawa na kukiri. Angesema neno moja la majuto, huenda angefungwa kama Guiard. Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu lini wanyamaze, na ule ukimya siuelewi mpaka leo.

#22 Kalamu ya Ukindu

Mkongo kagusa penyewe. Linganisheni na Meister Eckhart, yule Mdominiko wa Ujerumani, ambaye mafundisho yake yanakaribiana mno na ya Marguerite. Kwake maskini wa roho ni yule asiyetaka kitu, asiyejua kitu, asiye na kitu. Hayo Marguerite alikwisha kuyasema karibu neno kwa neno. Tena mwaka 1311 Eckhart alikuja kufundisha Paris akafikia Saint-Jacques, nyumba ya Wadominiko alimokuwa akiishi Guillaume, mwaka mmoja tu baada ya moto. Ni vigumu kuamini hakusikia habari za kile kitabu.

Naye walimchoma, lakini alikuwa na shirika kubwa likimtetea hadi dakika ya mwisho.

#23 Frateri wa Zamani

Hapana, Eckhart hakuchomwa. Askofu mkuu wa Cologne alimfungulia mashtaka 1326. Februari 1327 alisimama katika kanisa la Wadominiko pale Cologne akatamka hadharani kwamba kama kuna kosa katika maandishi yake, analikana. Akakata rufaa kwa Papa, akasafiri Avignon, akafariki kabla ya hukumu. Machi 1329 Papa Yohane XXII alitoa hati yenye sentensi 28: 17 akaziita za uzushi, 11 zenye kusikika vibaya. Hati yenyewe inasema alikuwa amejirudi.

Tofauti unayoisema ipo, ila tazama kwa makini. Eckhart alisema naweza kukosea lakini siwezi kuwa mzushi, kwa sababu uzushi ni suala la utashi. Aliwapa majaji walichotaka, yaani utii. Marguerite alikwisha kuurudisha utashi wake kwa Mungu, kwa hiyo angewapa nini?

#24 Kalamu ya Ukindu

Nimepokea masahihisho. Aya yako ya mwisho nitaiweka.

#25 Binti wa Kilema

Nimekaa siku mbili nikiwaza kama niandike hili.

Nilikuwa katika kikundi cha sala. Nilikuwa na daftari, usiku nikisali naandika. Hayakuwa maono, yalikuwa maneno tu ninayomwambia Mungu, mengine ya hasira maana mwaka ule nilifiwa na mtoto. Mwenzangu mmoja aliazima, likafika kwa kiongozi. Nilikuja kuitwa mbele ya watu sita. Walikuwa wamepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Sentensi tano. Walinisomea sentensi zangu kwa sauti yao, na kwa sauti ile hata mimi niliziona ni kufuru. Iliyofuata chini yake, ambayo ndiyo ilikuwa jibu, hawakuisoma. Niliulizwa kama nayakana. Sikuweza kufungua mdomo. Si ujasiri, sikuwa na pa kuanzia. Wakaandika kwamba nimekaidi.

Mzee wa Kigango, nakuheshimu, na yaliyotokea kwenu ni mabaya. Lakini usiseme labda nao walikuwa na kigango chao. Mimi nilikuwa kigango chao.

Wakili, kuhusu ule ukimya. Nadhani hivyo ndivyo unavyokuwa.

#26 Mzee wa Kigango

Binti yangu, pole kwa mtoto. Pole kwa daftari. Nimekuwa nikisoma huu uzi na mjukuu wangu, akaniuliza kwa nini nimeacha kusoma.

Sijabadilisha msimamo wangu kuhusu mafundisho yale, yana hatari. Lakini kuna walioitwa mbele yangu pia, miaka hiyo, na si wote walikuwa kama yule wa mashamba. Nitawatafuta wawili.

#27 Sauda wa Mvita

Dada wa Kilema, Mungu akupe subira.

Naomba kurekebisha nililosema #9. Nilisema kosa ni kusema. Nimefikiri tena. Kama siri isingesemwa, sisi tusingeipata. Babu yangu mwenyewe aliimba mashairi ya watu waliosema.

#28 Mtaa wa Nyuma

Kwa kumbukumbu za uzi: baada ya hapo Mtaguso wa Vienne, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, 1311 hadi 1312, uliwalenga wabegina moja kwa moja. Hati moja ilipiga marufuku hali yao ya maisha. Nyingine iliorodhesha makosa manane, na la sita ni hilohilo la roho kamili kuziaga fadhila. Yaani sentensi ya Marguerite ilitoka kitabuni ikaingia sheria ya Kanisa, ikatumika kuwasumbua wanawake wengine kwa miaka mingi. Ni mtaguso uleule uliowafuta Watempla. Bado nasema siasa.

#29 Wakili wa Pwani

Bado nasema amri ya Cambrai.

#30 Ngome ya Mawe

Nina swali moja limebaki. Kabla ya yote haya hakuna mtu wa Kanisa aliyekisoma akakikubali? Maana mleta mada anadai wangekisoma chote asingekufa.

#31 Frateri wa Zamani

Wapo watatu, majina yao yamo katika nakala za Kilatini na Kiingereza. Mfransisko aitwaye Yohane, mtawa wa abasia ya Villers aitwaye Franc, na Godfrey wa Fontaines, profesa wa teolojia Paris, mmoja wa vichwa vikubwa vya zama zake. Wote walikisifu. Wataalamu wanabishana kama alipata maoni hayo kabla au baada ya kuchomwa kwa nakala ya Valenciennes.

Ila lazima niwe mkweli, hata kama linanipunguzia hoja. Godfrey alishauri wengi wasikione. Alisema wanaweza kuiacha njia yao wenyewe wakakimbilia hii ambayo hawataifikia, na hivyo wakajidanganya. Na yule Mfransisko pia alisema watu wachache wakione.

#32 Mzee wa Kigango

Basi Godfrey ndiye mtu wangu.

Frateri, katika huo uzi mzima sijasoma ukurasa hata mmoja wa huyu mama, nimesoma mnavyomsema. Unaweza kutafsiri sura ya kwanza, ile ya binti na picha ya mfalme, ukaiweka hapa? Iweke yote, usikate.

#33 Frateri wa Zamani

Nipe mpaka Jumapili, Mzee. Kalamu atanipitishia lugha.

#34 Kalamu ya Ukindu

Nipo. Tuma ya kwanza usiku huu, tuanze na jina Mbali-Karibu, sijaridhika nalo bado.